Siku moja na fundi wangu, bingwa wa "njoo kesho"

Saa moja asubuhi. Mwanagenzi wa useremala ndiye anayefungua karakana. Nafagia maranda ya jana, kisha nanoa patasi. Mgongo wake lazima uwe bapa kabisa, ndipo unoe makali kwa nyuzi 25 hadi 30, mpaka kidole kisikie ukingo umejikunja kidogo upande wa pili. Somo hili sikulipata kwa upole. Fundi aliichukua patasi yangu, akaitupa kwenye maranda: "Hii inatafuna mbao, haikati."

Saa mbili na nusu. Fundi anaingia, simu sikioni, anamhakikishia mteja kwamba meza imebaki vanishi tu. Meza yenyewe bado ni mbao zilizoegemea ukuta.

Saa tatu. Tunaanza viungo. Hapo ndipo namsamehe mengi. Hagusi futi. Anaweka ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa iingie kwenye tundu, juu ya mguu wa meza na kuchora tundu hilo kwa ncha ya kisu, mbao kwa mbao. Mgeni angedhani ni uzembe. Nilipomuuliza sababu, aliweka msumeno chini akanieleza: kila namba unayoisoma na kuihamisha ni nafasi ya kukosea, na mstari wa kisu ni mwembamba kuliko wa penseli.

Kisha anawasha mashine ya msasa bila barakoa wala miwani. Nalo hilo linaonekana kama uzoefu, fundi asiyehitaji vifaa. Nilimuuliza pia. Akajibu, "Nimezoea." Basi. Tangu mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na pua haijui nani amezoea. Navaa barakoa yangu, ananicheka, kazi inaendelea. Siku hizi nachuja hivyo: jambo ambalo Fundi ana sababu yake nalichukua hata kama kanifokea, na lile la "nimezoea" namwachia mwenyewe. Si rahisi kama ninavyoliandika, maana mkono huiga kabla akili haijauliza.

Saa sita. Tunapaka gundi na kubana fremu. Napima pembe kwa pembe, mishazari miwili inalingana, kwa hiyo fremu haijakwenda upande. Kwenye vipande vya kushikia uso wa meza, Fundi anatoboa matundu marefu badala ya mviringo. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu unavyobadilika, lakini kwa urefu karibu haibadiliki. Ukiibana kotekote itapasuka.

Saa nane. Namsaidia dada wa vanishi. Huyu hachelewi, hadanganyi, na hasemi siri yoyote ya kazi. Ukimuuliza anageuza mgongo. Kwa hiyo najifunza kwa macho: mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, mwepesi, umezimuliwa zaidi, msasa laini katikati, vumbi lifutwe kabla ya mkono wa pili. Uchoyo wake umenifundisha kutazama, ingawa singependa kumfundisha mtu hivyo.

Saa kumi. Mwenye meza anafika. Fundi ghafla ana shughuli nyuma ya karakana. Namwonyesha mteja fremu ilipofikia, namwambia itakuwa tayari Ijumaa. Anakunja uso, anashukuru, anaondoka.

Saa kumi na moja. Fundi anarudi akiwaka. "Dogo, nani kakutuma? Mteja ukimwambia ukweli anahamia kwingine!" Namwacha amalize, kisha nampa hesabu: leo Jumatano gundi ikauke usiku, kesho msasa na mkono wa kwanza, keshokutwa wa pili. Anasikiliza mpaka mwisho. Anatoka mlangoni, anatazama mawingu, anarudi.

"Hewa ina unyevunyevu, vanishi itachelewa kukauka. Mpigie, mwambie Jumamosi."