Nilivyoacha kuuza petroli ya chupa nikafungua sheli kijijini

Nianze kwa kukiri, karibu miaka saba nilikuwa nauza petroli kwenye chupa za maji. Kijiji chetu kiko ndani ndani huko mkoa wa Tabora, sheli ya karibu ni saa nzima na nusu kwa bodaboda, sasa hao bodaboda ulitaka wafanyeje? Nafata madumu manne ya lita 20 mjini, nayaweka chumba cha uani, asubuhi namimina kwenye chupa napanga mezani kama juisi. Wananunua wote, hadi watumishi wa serikali wakipita na pikipiki zao.

Kilichonishtua wala sio semina. Jioni moja wife anapika uani, jiko la mkaa liko kama hatua sita toka mlangoni, mi niko ndani namimina, nasikia tu fuu, moto umetambaa chini chini mpaka miguuni kwangu. Hakuna aliyerusha kijinga cha moto wala nini. Baadaye ndo nikaja kuelewa kumbe mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unasambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Tukazima kwa mchanga, dumu halikushika, nikabaki na kovu la mguuni. Usiku ule nikawawaza wale wa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta limepinduka watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasema wale walikosa akili!

Basi nikaenda EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia biashara ya mafuta. Nilijua nafukuzwa, maana sheli nilizokuwa naziona mimi ni zile za barabara kuu, paa kubwa, mataa, nikasema hapa nauza mpaka ng'ombe wa ukoo na haitoshi. Kumbe vituo vya vijijini vina kanuni zake, ujenzi wake ni nafuu. Nikamuuliza afisa, sasa si mmelegeza usalama? Akaniambia mzee wangu, mjini tunapima hatari ya sheli kuwepo, kwenu inabidi tupime na hatari ya sheli kutokuwepo. Tukidai kila kitu cha mjini hujengi, na usipojenga yale madumu yanabaki chumbani kwako. Na tukikufungia tu bila kuweka kitu, kesho bodaboda anafunga dumu mwenyewe nyuma ya kiti na abiria juu. Hapo nikanyamaza, maana nilishawaona kwa macho yangu.

Ila usidhani ni mteremko. Tuliungana watu watatu, mmoja akatoa kiwanja, na kiwanja chenyewe kikakataliwa! Kiko jirani na shule ya msingi na kisima cha kijiji kiko bondeni chini yake, tanki likivuja yanaenda moja kwa moja kwenye maji. Mwenzetu alinuna wiki mbili. Mi pia niliumia lakini kusema ukweli mwanangu anasoma pale pale. Tukahamia nje kidogo ya kijiji, tukaanza upya, mambo ya mazingira NEMC, zimamoto, halmashauri, kibali cha ujenzi kwanza ndo leseni baadaye, kuna ofisi moja siitaji wakapoteza faili letu mara mbili, nikajifunza kutembea na kopi tatu za kila karatasi na kusainisha kila ninapokabidhi. Kama unataka kuanza, hilo la kopi lishike kuliko yote.

Mwisho wakaja Wakala wa Vipimo wakapima pampu wakaiwekea lakiri, yaani muhuri wao, na bei sasa sijipangii, ni bei kikomo ya EWURA inayotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Faida kwa lita ni ndogo kuliko ya chupa, nisidanganye, ila nauza nyingi.

Kitu kimoja bado sikubaliani nacho, sio kila serikali ikipima hatari inapatia. 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli. Sawa, magari yakapona, lakini aliyelipia ni mama yangu na kibatari chake, na yeye dizeli hajawahi hata kuishika. Nilimwambia yule afisa, akacheka tu.

Chupa hazijaisha kijijini, kuna kijana anauza kule mwisho, namuuzia mimi mwenyewe? Hapana, akija na dumu la plastiki namrudisha, tunagombana, anaenda kwingine. Kile chumba cha uani tumekipaka chokaa analala mwanangu mkubwa, mwezi wa kwanza aligoma, anasema baba kinanuka.