Daftari la pweza lisilopitia Play Store

Shangazi yangu ananunua pweza Kilwa. Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, ikiingia na maji kukupwa, kina mama wanashuka mwambani, na wakirudi pweza wanapandishwa mzanini mmoja mmoja. Nusu ya hela wanapewa papo hapo, malizio bamvua inayofuata. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi mpaka wino ukasambaa. Mimi ndiye mpwa "anayejua kompyuta", kazi ikaniangukia.

Nilianza na programu ya kawaida ya Android, MB 22. Wapimaji wetu wanne wana simu ndogo zilizojaa video za vichekesho. Nikiwarushia faili WhatsApp, simu inawaonya kwamba chanzo hakijulikani. Mmoja akaogopa, akafuta. Nikirekebisha kosa, wawili wanabaki na toleo la zamani. Play Store nayo inataka dola 25 za kujisajili, sawa, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Sisi wanne, na shangazi anatumia kitochi.

Nikaachana nayo, nikaandika ukurasa wa wavuti. Wazo lenyewe la zamani: mwaka 2007 Steve Jobs aliwaambia watengeneza programu za iPhone waandike za kufunguka ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone, na duka la programu likaja 2008. Siku hizi kivinjari kinaweza kufanya kazi hata bila mtandao. Kuna kijifaili cha msimbo, wenyewe wanakiita sevisi woka, kinachokaa kati ya ukurasa na mtandao. Ukifungua mara ya kwanza kinahifadhi kila kitu kwenye simu. Kesho yake hata mtandao ukikata, ukurasa unafunguka. Sharti anwani iwe ya https. Wote wanne wakaweka aikoni kwenye skrini ya kwanza, na MB 1 haikufika.

Nikajiona fundi. Kisha binamu yangu akarudi kutoka Dar na iPhone kuukuu, akaingia kwenye kupima. Yeye hakuweka aikoni. Alifungua tu kiungo ndani ya Safari. Siku ya mwisho ya bamvua alipima pweza 19 ufukweni, mtandao hakuna, akafunga ukurasa akaenda zake. Kwenye Android, Chrome inaweza kutuma yenyewe vipimo vilivyohifadhiwa mtandao ukirudi. Safari haifanyi hivyo, inasubiri ukurasa ufunguliwe. Maji mafu, zile siku za kati ya bamvua mbili, yakapita, hakuugusa. Bamvua nyingine ikaingia, kina mama wamekaa wanasubiri malizio, anafungua: patupu.

Usiku ule ndipo nikasoma vizuri. Tangu 2020 Safari inafuta data ya tovuti ambayo hujaigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari hicho, isipokuwa ile uliyoiweka kwenye skrini ya kwanza. Na bamvua kwetu ni kila wiki mbili! Aliyeweka ile kanuni hakuwaza pweza.

Kilichotuokoa ni mkaa. Shangazi, bila kuniambia, alikuwa anachora kila kilo kwenye ubao wa banda la mzani. Tulisoma pweza 17, na wale wawili waliobaki tukakubaliana na kina mama wenyewe.

Sasa juu ya ukurasa kuna duara jekundu lenye idadi ya vipimo ambavyo havijatumwa, na kitufe cha kushiriki orodha ya siku kwenda WhatsApp. Hicho kinafanya kazi hata pasipo mtandao: ujumbe unakaa na kile kisaa chake, ukifika penye mtandao unaondoka. Binamu nimemwekea aikoni mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kinachonisumbua bado ni bei. Nikiibadilisha, simu zinaweza kuendelea kuonyesha ukurasa uliohifadhiwa mpaka programu ifungwe kabisa. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua nampigia kila mpimaji: funga, fungua tena, nisomee namba ya toleo iliyo chini kulia. Juzi ilikuwa 14, na mmoja akanisomea 11.