Ngao za Shaba za Rehoboamu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshindwa kuivuka 1 Wafalme 14. Shishaki mfalme wa Misri amepanda Yerusalemu, amezoa ngao za dhahabu za Sulemani. Rehoboamu, mwana wa Sulemani aliyemrithi, afanyeje? Anatengeneza za shaba mahali pake, na kila aingiapo nyumba ya Bwana walinzi wanazibeba, kisha wanazirudisha chumbani mwao. Gwaride ni lile lile. Kwa mbali nani angejua?

Nasi ndivyo tulivyo. Jumapili ya Kumbukumbu, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, inakaribia, ile ya karibu na tarehe 11 Novemba, na hapa Mombasa ziko nyumba zinazotoa sandukuni medali za mababu waliokwenda Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kitu cha kwanza kuitwa ni ndimu na majivu. Jamani, medali si dele la kahawa! Ule utando wa kahawia si uchafu. Ni shaba iliyokutana na hewa miaka themanini, na ndio unaoikinga. Ndimu huula, majivu hukwaruza, na ukirudia kila mwaka maandishi yanalainika hadi hayasomeki. Inang'aa kweli, ila haisemi tena kitu.

Ishike ukingoni kwa mikono mikavu, maana jasho lina chumvi. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba, basi. Utepe usiufue, utachuja rangi. Usiitundike penye upepo wa bahari. Ukiona unga mwepesi wa kijani unaorudi kila ukifutwa, chumvi imeshaingia ndani: itenge na nyingine, iweke pakavu pamoja na vile vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, kisha umtafute mtu wa makumbusho.

Lakini aliyekwambia shaba lazima ifanane na dhahabu ni nani? Hapa nawasema hasa wazazi wenye watoto wanariadha. Mtoto amekuja wa tatu, mbio za mkoa, na nyumbani anapokewa kama aliyefiwa. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hii ilikuwa ya shaba: Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo 1964. Kabla yake Kenya haikuwa na hata moja. Ungempokea na uso gani? Mungu hakuidharau shaba. Birika la kunawia makuhani lilifanywa kwa vioo vya shaba vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema (Kutoka 38:8). Kitu cha kujitazamia kikawa cha kuwatakasa wengine. Mlee mtoto wako hivyo. Msifu kwa ile shaba, leo, kabla hajalala.

Wala tusiiabudu. Hezekia alimvunja nyoka wa shaba wa Musa watu walipoanza kumfukizia uvumba.

La mwisho, kwa wenye Nyota ya Burma, ile ya ncha sita yenye utepe wa buluu na wekundu katikati. Waingereza waliitoa bila kuchonga jina la askari. Wazee wanaojua ilikuwa ya nani wanapungua. Andika jina la babu, kikosi na kijiji chake kwenye karatasi, uiweke ndani ya kisanduku. Tumia penseli; wino huenea kwa unyevu wa huku kwetu.