Usiku radi ilipogandisha mji mzima

Hii ni 2016, niko hosteli Dar na laptopu ya kuazima, najenga gemu ya maandishi matupu kwa Evennia, ile zana ya kujengea gemu za hivi kwa lugha ya Python. Nilizipenda gemu za hivi kwa sababu hazili bando, mtu yuko Tanga na kisimu chake mnacheza kama mko sebule moja. Usiku ule tulikuwa wanne, mimi, rafiki yangu wa chumba cha pili, mdogo wangu Morogoro na binamu Tanga.

Mdogo wangu alikuwa mganga mwenye radi. Sasa gemu za ukoo wa DikuMUD, ile gemu ya maandishi iliyotoka Copenhagen 1991, uchawi unashuka papo hapo halafu ndo unafungiwa, amri zako zinakaa foleni sekunde kadhaa. Mimi nilitaka kinyume chake, unuize kwanza sekunde 4 ndo radi ishuke, ili unayempiga apate nafasi ya kukukatiza au kukimbia. Nikaandika time.sleep(4), yaani programu ilale sekunde 4, nikaona imeisha hiyo.

Dogo akanuiza. Kimya. Binamu yuko sokoni ndani ya gemu, mbali kabisa na vita, anaandika salamu haiendi, rafiki yangu anagonga ukuta "oya, seva imekufa!", mara kila kitu kikamwagika kwa mpigo, radi, salamu, hatua za watu, vyote. Wakasema ni mtandao. Wakanuiza wote watatu pamoja, mji ukaganda sekunde 12, na hapo kwenye 12 ndo nikaelewa, 4 mara 3. Evennia imekaa juu ya Twisted, maktaba ya Python ya kazi za mtandao, na uzi mmoja, yaani mstari mmoja wa kazi, unahudumia watu wote, ukiulaza kwa ajili ya mganga mmoja umelaza dunia nzima.

Nikahamia kwenye delay, yaani unaiambia seva endelea na kazi zako, sekunde 4 zikipita uniite. Mganga nikampa alama ya kunuiza, akitembea au akipigwa inafutika. Na kila kunuiza kukawa na namba yake, maana akikatizwa akaanza upya haraka, radi ya kwanza ingeikuta alama ya pili ikashuka kabla ya wakati.

Dogo akapiga simu. "Kaka, hapa inanuiza au imestaki?"

Swali hilo lilinikaa sana. Kwangu saa ilikuwa inahesabu vizuri, kwake skrini tupu, na sekunde 4 huku fisi anakutafuna ni nyingi mno. Nikaweka hesabu ya kila sekunde, ikawa balaa jingine, mistari inasukuma maneno ya wenzake juu hayasomeki, kwenye simu ndo kabisa. Nikaifuta nikabakiza mstari wa kuanza, mmoja wa katikati, na hali yake pale anapoandikia:

Uhai 42 | Nguvu 18 | unanuiza radi >

Waliosimama naye wakawa wanaona: "Mganga anafumba macho, midomo inamcheza."

Mara ya kwanza mstari huo kutokea, binamu akakimbilia kaskazini. Rafiki yangu hakukimbia, akamchapa mganga rungu. "Kunuiza kwako kumekatika." Nikasikia kelele ya dogo kwenye simu na kicheko kupitia ukuta, vyote kwa wakati mmoja, halafu dogo akasema subiri, nanuiza tena.