Seva inasema diski imejaa na haijajaa: nilivyoitatua

Tuko wanne tu, wote wa kujitolea, tunaendesha seva ya Git (programu ya kutunza kodi na mabadiliko yake) ya kuhifadhi miradi huria, hakuna anayelipwa hata mia, sasa juzi saa nane usiku simu ikaanza kulia, watu wanapush (wanatuma kodi yao) wanakataliwa, kurasa hazifunguki. Naingia kwenye logi nakuta "No space left on device". Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, diski imetumika asilimia 41 tu! Nikaristati, ikaamka dakika mbili ikalala tena (kuristati kabla hujajua tatizo ni uvivu, najua, lakini saa nane usiku jamani).

Kilichoniokoa ni df -i, inayohesabu inodi, yaani zile rekodi ambazo kila faili lazima liwe nayo moja kwenye diski. Zimetumika asilimia 100, kwa hiyo nafasi ipo ila faili jipya haliingii. Kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) idadi ya inodi inapangwa siku unafomati diski, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16384, na kila faili hata likiwa tupu linakula moja. Nikapekua folda moja moja kwa du --inodes, mchawi akawa folda ya seshen (vifaili vya muda vya kumkumbuka kila anayetembelea tovuti), kumbe kila roboti anayepita kusoma kodi anatengenezewa kifaili chake na hakuna aliyekuwa anavifuta.

rm * ikagoma, majina mengi mno. Hii ndo ilikubali, nikiwa ndani ya folda hiyohiyo, inafuta mafaili ambayo hayajabadilishwa kwa siku mbili au zaidi:

find . -type f -mtime +1 -delete

Ilikula kama dakika 40, nikapata na chai ya rangi hapo. Kesho yake tukahamishia seshen kwenye Redis (hifadhidata inayotunza data kwenye RAM), na alamu ya inodi tukaiweka pembeni ya ile ya diski.