Krismasi mbili za Manyovu

25 Desemba, usiku

Tope la Manyovu limenigandia visiginoni na maji ya moto yameisha. Watoto wamelala, acha niandike.

Tulitoka Kigoma mjini juzi asubuhi. Mikrismasi imewaka maua mekundu, joto la ziwani lile lile, na kabla hata hatujaipita Mwandiga mdogo alikuwa ameshatapika. Nyuma tulipakia ndoo ya dagaa na dumu la mawese, maana kupanda mlimani kwa wakwe mikono mitupu ni aibu. Mkubwa, miaka 9, yeye alikuwa anasubiri theluji. Televisheni imemharibu. Nilipomwambia kwamba juu kuna baridi, ukungu na tope tu, alinuna mpaka tunafika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona mmekonda, samaki wameisha ziwani?"

Basi, mnuno ukaishia hapo.

Jana mchana tukawapeleka kigangoni, vijana walikuwa wanajenga pango la Noeli kwa magome ya migomba na nyasi. Ng'ombe walikuwa wa udongo wa mfinyanzi, pembe ndefu kuliko miili, kama ng'ombe wa Waha wenyewe. Mtoto Yesu, mdoli wa plastiki, alikuwa mdogo kuliko kwato zao. Binti yangu akaomba udongo, akafinyanga wa kwake: miguu minene kama vinu, pembe moja, ya pili ilikatika akaila (sijui kwa nini). Katekista hakucheka. Alimpokea kwa mikono miwili akamweka mbele kabisa, karibu na hori. Mimi ndiye niliyetoka nje kufuta macho.

Misa ya mkesha ilikuwa saa 2 usiku. Simu ikaniambia saa 1 na robo, nikaendelea kukatakata vitunguu vya pilau ya leo bila haraka. Mara mama mkwe akachungulia jikoni: "Wewe mama, husikii kwaya? Wenzio wameshaanza!" Kumbe simu ilikuwa imedaka mtandao wa Burundi. Milima yao iko hapo ng'ambo, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Hata ujumbe wa kunikaribisha Burundi uliingia, nikaufuta nikidhani ni matangazo. Tulifika padri yuko katikati ya mahubiri, tukasimama mlangoni na manyunyu mgongoni, nanukia vitunguu.

Tukiwa njiani kurudi, mkubwa akauliza: "Mama, kwa hiyo kule ng'ambo Krismasi itachelewa?"

Nikamjibu itaingia ikifika saa 7 usiku kwetu. Nilikosea sana kusema. Wakagoma kulala. Wakakaa kizingitini wamejifunika blanketi moja la bibi, bakuli la karanga za kuchemsha katikati, na baba yao, badala ya kunisaidia kuwafukuza, akaenda kukaa nao. Saa 6 wakapiga vigelegele mbwa wa jirani wakaitikia. Saa 7 nilisikia sauti moja tu.

Leo asubuhi mdogo kaamka analia, eti kaka yake kala Krismasi ya pili peke yake na hakumwamsha. Hakunyamaza mpaka mchana, bibi alipomwongezea sahani nyingine ya pilau. Ya Burundi.