Kibali cha Redio kwa Rubani Anayetoka na Ndege Nje ya Marekani

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaosomea urubani Florida, Texas au Arizona huhitimu wakiwa na leseni ya FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), cheti cha afya na saa za kuruka za kutosha, bila mkufunzi wao kuwahi kuwatajia kibali cha redio, yaani ruhusa ya kutumia redio ya ndege. Simlaumu mkufunzi. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilifungua njia ya kuziondolea ndege zinazoruka ndani ya nchi hiyo sharti la leseni ya redio, na rubani wake anaweza kuzungumza na waongoza ndege kutoka Miami hadi Seattle maisha yake yote pasipo kuulizwa karatasi hiyo. Hali hubadilika siku anapopangiwa safari ya Nassau, Toronto au Cancún. Kwa sisi tunaorusha ndege ndogo za kukodi kutoka Florida kwenda Bahamas, safari ambayo huchukua muda mfupi kuliko baadhi ya safari za ndani ya jimbo lenyewe, mpaka huo huvukwa kabla hata kahawa haijapoa, na masharti ya kimataifa huanza hapo hapo.

Chanzo cha masharti hayo ni Mkataba wa Chicago, unaosimamia usafiri wa anga wa kimataifa, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Ibara ya 29 inaorodhesha hati ambazo ndege inayofanya safari ya kimataifa lazima iwe nazo, ikiwamo leseni ya redio endapo ndege ina redio. Ibara ya 30 inaongeza kwamba mitambo ya kurushia mawasiliano itatumiwa tu na wale walio katika kundi la warushaji wa ndege hiyo ambao wamepewa leseni maalumu kwa kazi hiyo na nchi ambamo ndege imesajiliwa. Masharti hayo yana mantiki ukikumbuka kwamba miaka hiyo ndege kubwa zilikuwa na mtu wake wa redio, mwenye kiti chake na kazi yake, ambaye hakuwa rubani. Mtu huyo ametoweka, kiti chake kimeondolewa, kazi yake tumerithi sisi, na leseni yake tumerithi pamoja nayo.

Zingatia maneno «nchi ambamo ndege imesajiliwa», kwa sababu ndiyo yanayowachanganya wengi. Haijalishi unatua wapi, wala pasipoti yako ni ya nchi gani. Ndege yenye herufi N ubavuni inakupeleka kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, na wala si kwa FAA iliyokupa leseni ya urubani. Kwa hiyo aliyesomea Marekani kisha akarudi nyumbani kurusha ndege yenye usajili wa 5H wa Tanzania au 5Y wa Kenya asitegemee karatasi ya FCC imfae huko; ataanza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika.

Kisha kuna hati mbili, na nimewaona marubani wazoefu wakizichukulia kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni leseni ya kituo cha redio cha ndege, ambayo huombwa na mwenye ndege, hudumu miaka 10, na haihamii kwa mnunuzi pindi ndege inapouzwa. Ya pili ni kibali cha mtu anayeitumia redio, ambacho ni chako wewe, unakwenda nacho katika kila ndege ya usajili huo, na hakina tarehe ya kuisha. Mwajiri akikuambia kwamba ndege yake «ina leseni ya redio», amejibu nusu tu ya swali.

Maombi yenyewe hufanyika kwa mtandao. Utajisajili kwanza ili upate namba ya utambulisho ya FCC, yenye tarakimu 10, kisha utaingia katika mfumo wao wa leseni na kujaza fomu namba 605. Mahali pa kuwa makini ni kwenye orodha ya kuchagua aina ya kibali. Unachotaka ni kile chenye alama RR. Karibu yake kuna PG, ambacho ni cha mafundi wanaotengeneza na kurekebisha mitambo ya redio na kina mtihani wa maandishi. Anayekichagua kwa kudhani kuwa ndicho kikubwa na cha heshima zaidi atajikuta akitafuta kituo cha mitihani bila sababu.

RR haina mtihani. Unathibitisha tu kwamba unaweza kusema na kusikia, kwamba unaweza kuweka kumbukumbu za maandishi hata kama ni za juu juu, kwamba unazifahamu sheria na mikataba inayohusika, na kwamba una haki ya kuajiriwa Marekani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachowagusa wanafunzi wetu. Mwenye viza ya masomo ambaye hana haki ya kuajiriwa asithibitishe jambo lisilo kweli ili fomu ipite, kwani uongo wa makusudi katika fomu hiyo una adhabu ya faini au kifungo. Kipo kibali kingine, RL, kilichowekwa kwa ajili ya watu wa namna yake walio na leseni ya urubani ya FAA, na hicho ndicho anachopaswa kuomba.

Majina nayo yanataka utulivu. Fomu ina nafasi ya jina la kwanza, herufi moja ya jina la kati, na jina la mwisho, ilhali wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na pasipoti huweza kuyapanga kwa namna isiyolingana na leseni ya urubani. Nashauri ufuate mpangilio wa leseni ya urubani, maana mkaguzi huziweka hati hizo mbili pamoja na kuzilinganisha.

Mwaka 2022 ada ya maombi ilishushwa kutoka dola 70 hadi dola 35, na unatakiwa kuilipa ndani ya siku 10 tangu uwasilishe maombi, la sivyo yanatupwa.

Nina shaka kama kibali kisicho na mtihani kinapima chochote. Uingereza humjaribu rubani wake kwa vitendo kabla ya kumpa leseni ya redio, na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inadai kiwango cha 4 cha Kiingereza au cha juu zaidi kwa safari za kimataifa, sharti ambalo ni jambo jingine kabisa na halitimizwi na karatasi ya FCC. Hata hivyo mkaguzi aliyenisimamisha kwenye maegesho ya ndege ya kisiwa kimoja hakutaka maoni yangu. Alitaka hati, moja baada ya nyingine, na ya redio aliigeuza kutazama sahihi.

Kwa hiyo ukishapata kibali, ingia katika akaunti yako uchapishe nakala rasmi, kwa sababu ile ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila kuingia huwa na maandishi makubwa yaliyofifia yanayoonyesha kuwa ni ya rejea tu. Itie sahihi, kisha iweke pamoja na cheti chako cha afya.